Rangi ya Ngozi katika Sanaa ya Misri ya Kale: Tatizo la Mfasiri

Mnamo mwaka 1900 Howard Carter alifungua chumba cha chini ya ardhi huko Deir el-Bahari, akakuta sanamu ya mfalme Mentuhotep wa Pili iliyozungushiwa kitani: ngozi nyeusi ti, joho jeupe, taji jekundu. Mfasiri akiandika "mfalme mweusi", msomaji wetu atadhani ametajiwa nasaba ya mfalme. Wataalamu wengi huisoma rangi hiyo vingine.

Neno la Wamisri la weusi, kem, ndilo lililozaa Kemet, jina la nchi yao, yaani ardhi nyeusi ya matope yaliyoletwa na mafuriko ya Nile. Jangwa lilikuwa Desheret, ardhi nyekundu. Weusi ulikuwa rangi ya rutuba, na kwa hiyo ya kufufuka. Ndiyo maana Osiris, bwana wa wafu, huchorwa mweusi au wa kijani. Wadj, neno lao la kijani, lilibeba pia maana ya ubichi na ustawi. Hapa Kiswahili kimebahatika, kwani "kijani kibichi" yabeba mengi ya hayo bila tanbihi.

Malkia Ahmose-Nefertari, aliyeabudiwa na mafundi wa Deir el-Medina karne nyingi baada ya kufa kwake, ni mweusi katika baadhi ya picha na wa manjano katika nyingine. Rahotep na mkewe Nofret, ambao sanamu zao zilipatikana Meidum mwaka 1871, wamepakwa yeye wekundu wa udongo, mkewe umanjano hafifu. Ilikuwa desturi ya kuwatofautisha wanaume na wanawake. Hapana adaiye kwamba wawili hao walitoka mataifa mbalimbali. ("Maji ya kunde", istilahi yetu nzuri, haifai hapa: hueleza umbile la mtu, nasi twaeleza rangi iliyopakwa.)

Sisemi haya ili kuwatoa Wamisri katika Afrika. Asili yao ilijadiliwa kwa ukali katika mkutano wa UNESCO, Cairo, mwaka 1974, nayo ina ushahidi wake mwingine. Napendekeza tu tuandike "sanamu nyeusi ya mfalme" au "mfalme aliyepakwa rangi nyeusi", ili sifa ibaki kwenye rangi.

Limebaki neno iwen. Kwa Wamisri lilikuwa rangi, na lilikuwa pia tabia ya mtu. Kwa hilo bado sijapata neno moja la Kiswahili.