Kabla hujaandika "tumeni KDF", soma hii ya askari wa Lodwar

Kila habari ya wizi wa mifugo ikitoka Kapedo, mitandao inajaa majenerali. Mtu yuko zake Rongai, chai mkononi, anaandika: "Tumeni KDF wamalize hiyo maneno." Watu mia tano wanaunga mkono, kisha kila mtu anarudi kwa mambo ya mpira.

Simcheki mtu. Mtu akiuliwa, hasira ni haki. Lakini hebu tuulizane: askari akishatumwa, yeye hufanya nini kutwa nzima? Filamu zinatuonyesha risasi tu. Hazionyeshi siku mia moja za kuketi kwa kambi, joto likikukaanga, ukingoja. Na Turkana ina historia ndefu ya hizo siku mia moja.

Turudi 1940. Waitaliano walikuwa wameshika Ethiopia tangu 1936. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ikaingia Vita vya Pili vya Dunia, na ghafla mpaka wa kaskazini mwa Kenya ukawa mpaka wa adui. Julai Waitaliano wakachukua Moyale. Upande wetu, magharibi ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf, kazi ya kulinda iliangukia King's African Rifles, wale tunaowaita KAR. Lodwar na Lokitaung, ambazo tayari zilikuwa vituo vya serikali, zikawa za kijeshi kabisa.

Hao askari walikuwa akina nani? Vijana. KAR ilichukua watu Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kutoka Kenya peke yake, karibu vijana 98,000 waliingia jeshini wakati wa vita hivyo. Mkamba, Mkalenjin, Mluhya, Mganda, wote wakipewa amri kwa Kiswahili cha kambini, kile cha mkato mkato kilichoitwa Ki-KAR. Sasa mchukue kijana aliyezoea migomba na mvua, umshushe Lodwar, mahali mvua ya mwaka mzima haifiki hata milimita 250. Huyo adui wake wa kwanza hakuwa Mwitaliano. Lilikuwa jua.

Siku ilianza na tarumbeta kabla jua halijachomoza, kwa sababu gwaride la saa sita mchana ni kuua watu. Baada ya gwaride ni kusafisha bunduki, kwa sababu vumbi la huku linaingia kila mahali. Halafu maji. Mto Turkwel ukikauka, maji hayaishi, yanajificha chini ya mchanga. Unachimba, unangoja shimo lijae polepole, unateka, unajaza debe. Kila siku. Halafu chakula: unga wa mahindi, maharagwe, chumvi, nyama ikipatikana. Reli iliishia Kitale, kwa hivyo kila gunia lilipanda lori na kuvuka mito mikavu. Mvua ikinyesha milimani, mto unashuka ghafla, na lori linakaa ng'ambo. Nyinyi huku mnapunguza ugali.

Jioni kulikuwa na zamu ya ulinzi, karata, na kuandika barua nyumbani. Asiyejua kuandika alimtafuta mwenzake anayejua. Gazeti la Baraza, lililoanza 1939, lilisomwa kwa sauti hadi karatasi ikachakaa.

Na usidhani walikuwa sawa na Wazungu waliokuwa nao. Mshahara tofauti, chakula tofauti. Hakuna Mwafrika wa KAR aliyekuwa ofisa kamili. Viboko, ambavyo jeshi la Uingereza lilikuwa limevifuta kwa askari wake tangu karne ya 19, viliendelea kutumika kwa askari Mwafrika. Unalinda dola ya mtu, na huyo mtu anakuchapa kama mtoto wa shule.

Mapigano yalikuwepo, hasa mapema 1941 vikosi viliposonga kuingia Ethiopia. Tarehe 6 Aprili mwaka huo Addis Ababa ilichukuliwa, na baada ya hapo vita vikahamia mbali. KAR nyingi zikaishia Burma. Lakini ukihesabu siku, maisha ya kituo huku yalikuwa zaidi maji, unga, lori na kungoja.

Sasa twende kwa watu ambao hawako kwenye picha: Waturkana wenyewe.

Hao walikuwa wanawajua KAR kitambo. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilituma KAR pamoja na vikosi kutoka Sudan kuwavunja Waturkana, kwenye operesheni iliyoitwa Labur Patrol. Maelfu kwa maelfu ya mifugo ikachukuliwa. Ukimchukulia mfugaji mifugo, umemchukulia chakula, mahari na shule ya watoto kwa mpigo mmoja. Kisha Turkana ikafanywa wilaya ya kufungwa, kuingia ni kwa kibali. Sasa piga hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka kumi 1918, 1940 alikuwa na thelathini na mbili. Aliona ngamia wa babake wakipelekwa na askari. Leo askari wale wale wanamwambia awe kiongozi wa njia, alete ngamia wa kubeba mizigo, hata ashike bunduki upande wao dhidi ya majirani wa ng'ambo ya mpaka. Vita vikiisha, bunduki na uhasama vinabaki. Lori linarudi Kitale.

Na askari mwenyewe je? Waingereza waliopigana walifunguliwa mpango wa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Askari Mwafrika alirudi kijijini na koti la jeshi. Waruhiu Itote alikuwa mmoja wao: alipigana Burma na KAR, akarudi, akawa Jenerali China wa Mau Mau. Unajua Waingereza walimfunga wapi? Lokitaung, pamoja na Jomo Kenyatta. Yaani mahali palepale palipokuwa kituo cha vita pakawa gereza. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu machoni pa Nairobi huku palikuwa mahali pa kuweka vitu: askari, wafungwa, na kuanzia 1992, wakimbizi wa Kakuma.

Ndiyo maana nasema tuongelee Kapedo kwa makini. Kapedo haiko karibu na Lodwar. Iko kusini kabisa, Turkana East, pale maji moto yanaporomoka kuingia mto Suguta, na mpaka wa Turkana na Baringo unabishaniwa hadi leo. Mwisho wa Oktoba 2014 polisi takriban 20 waliviziwa na kuuawa huko. Rais Uhuru Kenyatta, mtoto wa yule mfungwa wa Lokitaung, akaja mwenyewe, na jeshi likatumwa. Wakaazi, Waturkana na Wapokot, wakalalamika kwamba wanabebeshwa makosa ya wezi. Januari 2021 kamanda wa operesheni wa GSU akauawa katika eneo hilo hilo. Februari 2023 KDF ikatumwa tena, safari hii kaunti sita za Bonde la Ufa kaskazini.

Unaona mtindo? 1918, 1940, 2014, 2021, 2023. Na ukipita kituo chochote cha usalama huku leo, utamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, ametoka Kisii au Murang'a, anangoja bouza la maji, anangoja lori la chakula, anapanda juu ya jiwe atafute mtandao ampigie mamake. Huyo ni mjukuu wa askari wa 1940 kwa kila kitu isipokuwa jina. Na mita mia tatu kutoka kambini kuna kijana wa rika lake, mfugaji, ambaye serikali anayoijua ni hiyo bunduki tu.

Sisemi askari waondoke. Waulize akina mama wa Kapedo kama wanataka kulala bila ulinzi, watakujibu vibaya. Ninachosema ni kwamba askari anaweza kukununulia wakati. Huo wakati ukipita bila barabara, bila shule yenye walimu wanaokaa, bila maji, bila mpaka kuamuliwa, basi mmemkalisha kijana wa watu juani bure, na mnamngojea msiba.

Kwa hivyo ukitaka kuandika "tumeni KDF", andika. Lakini ongeza sentensi moja: "na baada yao mtume nini?"