Jina la Vita na Jina la Nyumbani: Wanawake Wapiganaji wa Zimbabwe baada ya 1980

Kila vita vya ukombozi huzaa msamiati wake, na msamiati huo haufi siku bunduki zinaponyamaza. Katika vita vilivyoikomboa Zimbabwe, wanavijiji wasemao Kishona waliwaita wapiganaji wa msituni vakomana, yaani wavulana. Vijana wa kiume waliowapelelezea na kuwapelekea habari waliitwa mujibha. Wasichana waliowapikia na kuwabebea chakula waliitwa chimbwido. Katika mpango huo wa majina, msichana aliyeshika bunduki hakuwa na jina lake mwenyewe. Upungufu huo wa lugha wasaidia kueleza yaliyompata baada ya uhuru kupatikana tarehe 18 Aprili 1980.

Wasichana wengi walivuka mpaka kuingia Msumbiji na Zambia katika miaka ya 1970, baadhi yao wakiwa bado wanafunzi. Katika jeshi la ZANLA, ambalo baadhi ya wapiganaji wake walifunzwa Mgagao na Nachingwea nchini Tanzania, wanawake walianza kwa kubeba silaha na dawa hadi mstari wa mbele. Baadaye wakafunzwa kuzitumia silaha hizo. ZIPRA nayo ilikuwa na kikosi cha wanawake huko Zambia. Mauti hayakubagua. Kambi ya Chimoio ilishambuliwa mwezi wa Novemba 1977, na ile ya wanawake ya Mkushi mwezi wa Oktoba 1978.

Wapiganaji walijitwalia majina ya vita. Joice Mujuru, kwa mfano, aliitwa Teurai Ropa, maana yake ‘mwaga damu’. Jina la vita lilikuwa ngao, kwani aliyekamatwa na adui hakuweza kutaja majina halisi ya wenzake wala ya jamaa zao. Lakini amani ilipokuja, ngao hiyo iligeuka ukuta. Mwanamke aliyezaa kambini na mpiganaji aliyeuawa au aliyetoweka aliweza kurudi nyumbani bila kulijua jina la ukoo wa baba wa mtoto wake. Miongoni mwa Washona, mtoto hurithi mutupo, yaani mwiko na alama ya ukoo, kutoka kwa babaye. Asiye na mutupo wa baba hana pa kusimama katika matambiko na katika mambo ya mahari. Na pale ofisini, cheti cha kuzaliwa nacho kilidai jina la baba.

Sheria ilimpokea mwanamke huyo kwa namna ya ajabu. Chini ya sheria zilizorithiwa kutoka ukoloni, mwanamke Mwafrika alihesabiwa kuwa mtoto maisha yake yote, chini ya mlezi wa kiume. Hivyo aliyewaamrisha wanaume vitani alirudi kuwa mtoto nyumbani, mpaka sheria ya umri wa utu uzima ilipopitishwa mwaka wa 1982. Mujuru aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri akiwa na umri wa miaka 25. Wenziwe wengi hawakuwa na elimu wala kazi. Waliopunguzwa jeshini walilipwa dola 185 za Zimbabwe kwa mwezi kwa muda wa miaka miwili, kisha wakaachwa wajitegemee.

Mzito kuliko umaskini ulikuwa ulimi wa watu. Wakati wa vita, ujasiri wao ulisifiwa. Baada ya vita, ujasiri uleule ulitajwa kuwa ukaidi, na maisha ya kambini yakatajwa kuwa umalaya. Wakwe wengi hawakutaka mwana wao aoe mwanamke aliyeua. Mwishoni mwa mwaka wa 1983 polisi waliwakamata wanawake mijini kwa tuhuma za umalaya, na asiyeweza kuonyesha kuwa ameolewa au ameajiriwa alitiwa kizuizini. Msako huo haukuwalenga wapiganaji wa zamani peke yao, ila uliwaonyesha mipaka ya uhuru walioupigania.

Basi wengi walinyamaza, wakalificha jina la vita hata kwa waume zao. Kimya hicho kilikuwa na walinzi wake. Filamu ya Flame (1996), inayowahusu wanawake wawili wapiganaji, ilipingwa na baadhi ya wapiganaji wa zamani kwa sababu ilionyesha ubakaji kambini, na polisi walizichukua kanda zake kabla haijakamilika.

Sheria ya mwaka wa 1992 ilimtambua kuwa mpiganaji wa zamani yule tu aliyepata mafunzo ya kijeshi. Mwaka wa 1997 waliotambuliwa walipewa dola 50,000 kila mmoja, pamoja na malipo ya kila mwezi. Aliyeficha historia yake ili apate kuolewa alilazimika kuchagua kati ya fedha na sitara. Chimbwido hakuwa na la kuchagua, kwani hakuwamo katika maana ya neno. Waliosaidia vita walitambuliwa na sheria ya mwaka wa 2020. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka wa 1977 alikuwa amekwisha kufikia 58. Neno lililokosekana mwanzoni lilimgharimu zaidi ya miaka 40.