Ngaropiyae na Shilingi: Neno na Thamani katika Historia ya Fedha za Kenya na Uganda

Kalemng'orok ni kituo cha biashara cha kusini mwa Turkana, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar na kuendelea hadi Kakuma. Bei za huko hutajwa kwa shilingi ya Kenya. Hata hivyo, msemaji wa Kiturkana aitajapo fedha kwa lugha yake husema ngaropiyae. Mzizi wa neno hilo ni rupia, na nga- ni kiambishi cha wingi cha jinsi ya kike. Wakarimojong wa Uganda, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiturkana, nao wana neno hilo hilo. Rupia yenyewe iliondolewa katika nchi zote mbili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Hapo ndipo penye tatizo la mwanaisimu na mwanahistoria pia: jina la fedha hudumu, ilhali thamani yake hugeuka, na atafsiriye jina bila kuuliza mwaka hana budi kupotoka.

Rupia iliingia bara kutoka Uhindi kwa njia ya pwani, na matumizi yake yalienezwa sana na ujenzi wa reli ya Uganda uliofanyika kati ya mwaka 1896 na 1901. Kwa sheria ya mwaka 1905, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Kiingereza, yaani rupia 1 ilikuwa shilingi 1 na peni 4. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliamua kwamba rupia 1 iwe shilingi 2, yaani rupia 10 kwa pauni. Mwaka huo huo rupia ilipokewa na florini, sarafu iliyoishi muda mfupi mno. Na kuanzia mwaka 1922 shilingi ya Afrika Mashariki ikashika mahali pake, shilingi 2 kwa florini 1.

Kwa hiyo maelezo yaliyozoeleka kwamba rupia ni shilingi mbili ni kweli kwa kipindi cha mwisho tu. Kabla ya hapo rupia haikufikia hata shilingi moja na nusu. Tofauti hiyo haikuwa ya karatasini. Mlowezi aliyekopa rupia 1,500 alikuwa amekopa pauni 100. Baada ya uamuzi ule akajikuta anadaiwa pauni 150. Walowezi walilalamika, na mwaka 1921 waajiri wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hivyo mzigo uliotokana na kiwango kilichokatwa London ukamshukia kibarua, ambaye hakuulizwa neno. Upinzani dhidi ya punguzo hilo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyompa Harry Thuku wafuasi wengi jijini Nairobi.

Fedha hiyo mpya ilitumika pande zote mbili za mpaka. Mkoa wa Rudolf, uliokuwa na sehemu kubwa ya nchi ya Waturkana, ulikuwa chini ya Uganda hadi mwaka 1926, ulipohamishiwa Kenya. Utawala ulibadilika, lakini shilingi ilikuwa ile ile, kwa kuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilizihudumia nchi zote mbili.

Mwaka 1966 Tanzania, Uganda na Kenya zilianza kutoa fedha zao zenyewe, kila moja kwa benki kuu yake. Zote tatu zililiweka jina la shilingi, na shilingi moja ya Kenya ikawa sawa na moja ya Uganda. Pauni iliposhushwa thamani mwezi Novemba 1967, nchi hizo hazikuifuata, na usawa wao haukuvunjika. Uliovunja usawa ulikuwa msukosuko wa uchumi wa Uganda baada ya mwaka 1971. Kwa hesabu ya serikali fedha hizo mbili ziliendelea kukaribiana hata baada ya Jumuiya kufa mwaka 1977. Sokoni zilikuwa zimeachana zamani. Mwezi Juni 1981 Uganda ilikiri hali hiyo: dola ya Marekani iliruka kutoka shilingi 8 hivi hadi 78 hivi.

Mwezi Mei 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya, moja kwa 100 za zamani, na kukata asilimia 30 katika kubadilisha. Dola ikawekwa shilingi 60 mpya, wakati Kenya ilikuwa shilingi 16 hivi. Kwa kuitazama noti, shilingi ya Kenya ilikuwa sawa na karibu 4 za Uganda. Kwa shilingi za zamani, zilikuwa zaidi ya 370. Sifuri mbili zilizofutwa zilificha umbali wote huo, na jina halikusaidia kuufichua.

Funzo kwa mkusanyaji wa masimulizi ni dhahiri. Mzee wa Turkana asimuliapo kwamba ng'ombe aliuzwa kwa ngaropiyae kadhaa, huenda akakusudia rupia, shilingi au fedha tu. Na asemapo shilingi katika habari za biashara na Wakarimojong, hapana budi aulizwe ni ya nchi gani, na ya mwaka gani. Kamusi nayo ikitoa thamani, sharti itoe na tarehe. Bila hivyo, mtu aliyepunjwa zamani na kiwango cha fedha atapunjwa mara ya pili na tafsiri.