Nasaba ya Mpekani na Haki ya Antoine

Mpekani ni mwenyeji wa bonde la Mississippi na kingo za mito ya Texas, hadi kaskazini mwa Mexico. Haukuletwa na jahazi la mtu. Wahindi Wekundu waliokota kokwa zake vizazi kwa vizazi, na Cabeza de Vaca, Mhispania aliyeishi kati yao miaka ya 1530, aliwakuta wakikusanyika mtoni msimu wa kokwa, ambazo ndizo zilikuwa chakula chao.

Lakini mti huu haurithishi sifa zake. Chavua huletwa na upepo, na ukipanda kokwa nono ya ganda laini waweza kuvuna vijiwe vigumu. Watu wa Texas humtaja Risien, seremala Mwingereza wa San Saba, kuwa baba wa pekani. Baba wa pekani ni Antoine.

Antoine alikuwa mtumwa, mtunza bustani wa Jacques Telesphore Roman huko Oak Alley, Louisiana. Daktari A. E. Colomb alijaribu kubebesha, yaani kuunganisha kwenye mashina mengine, vikonyo vya mti mmoja bora wa shamba la Anita, akashindwa. Vikonyo vikapelekwa Oak Alley, akakabidhiwa Antoine. Majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847 alibebesha miti 16, ikashika. Kazi hii haitaki mkono wa haraka: tabaka bichi chini ya gome la kikonyo lisipokutana barabara na la shina, kikonyo hukauka. Hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinakwisha, miti yake ilikuwa 126. Roman alipofariki 1848, orodha ya mali ilimwandika Antoine: umri miaka 38, bingwa wa kubebesha mipekani, thamani dola 1,000. Mwaka 1876 kokwa za miti hiyo zilipata tuzo kwenye maonyesho ya Philadelphia, zikaitwa Centennial. Aliyezipeleka na kutuzwa ni Hubert Bonzano.

Risien naye ana ajabu yake. Seremala huyu alifika San Saba 1874, akaahidi dola 5 kwa atakayemletea kokwa bora. Wazee wa huko husimulia kwamba alipopelekwa kuuona mti wa mshindi, alikuta matawi yote yamekatwa kwa msumeno ili kokwa zianguke, likabaki moja tu, lile alilokuwa amekanyaga mkataji. Risien akainunua ardhi ile, mti ukachipua upya, na uzao wake ukaenea mbali.

Gavana wa zamani wa Texas, James Hogg, alipokuwa anakaribia kufa 1906, alikataa mnara wa mawe juu ya kaburi lake. Aliomba mpekani kichwani na mjozi miguuni, kokwa zake wagawiwe watu wa kawaida wakapande. Mwaka 1919 Texas ikautangaza mpekani mti wa jimbo.

Georgia huvuna kokwa nyingi, lakini huko mpekani ni mgeni, na wakulima wake hupanda miche ya kubebesha, ufundi ule ule wa Antoine. Miti ya Antoine mingi ilikatwa baada ya vita kupisha miwa, na jina lake la ukoo halikuandikwa popote kwenye orodha ile iliyomtia bei.