Togwa, Chumvi na Sukari: Maradhi ya Kuhara kwa Watoto wa Nduguti

Historia za sharika huandika zaidi habari za majengo na wachungaji, na makaburi madogo ya watoto hayatajwi ila kwa nadra. Hata hivyo, Injili ilipoingia Iramba kwa mikono ya wamisionari wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye ya wale wa Augustana kutoka Marekani, tiba ilifuatana na Neno, na kuhara kwa watoto kulikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoisubiri. Nchi ya Nduguti ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja, na wakati wa kiangazi maji ya kisima mara nyingi hugombewa na mifugo.

Wengi waliamini kwamba tumbo linaloharisha lipumzishwe. Mtoto alinyimwa chakula, pengine hata maji, akafa kwa kukaukiwa mwili. Lawama hiyo isiwaangukie akina bibi peke yao, maana hata madaktari wa Ulaya na Marekani, hadi katikati ya karne ya 20, walifundisha vivyo hivyo.

Tangu miaka ya 1980 ulienea nchini uvumi wa kutisha zaidi, wa "meno ya plastiki". Fizi ya mtoto anayeharisha ikionekana imevimba mahali pa chonge, ilidaiwa kwamba humo ndimo ulimo ugonjwa. Chonge changa zikachimbuliwa kwa kisu au kitu kingine chenye ncha, na kuhara kukaongezewa damu na vidonda. Wako watoto waliokufa, na wako waliokua na meno yaliyoharibika.

Lakini si kila cha jadi kilikuwa kibaya. Togwa, uji wa mtama au uwele uliochachushwa kwa kimea, una asidi inayozuia vijidudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba watoto wa kijiji kimoja cha Tanzania walionyweshwa uji uliochachushwa waliharisha mara chache kuliko wa kijiji kisichofanya hivyo. Bibi aliyekoroga togwa hakuwa mjinga.

Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, na vyoo vingi vikachimbwa. Kisha ukaja mchanganyiko uliothibitishwa Dhaka mwaka 1968, ambao mama aliweza kuukoroga mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chanjo ya rotavirusi ilianza kutolewa nchini mwaka 2013.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, watafiti waliowafuatilia watoto tangu mwaka 2009 waligundua kwamba vijidudu vya tumboni hudumaza hata mtoto asiyeharisha kabisa. Mama humwona anacheza, naye harefuki.