Mwata Hakupenda Mgeni Aondoke

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ndivyo tulivyolelewa. Katika bonde la Luapula, kusini kidogo ya Ziwa Mweru, walikuwapo wafalme waliopindua methali hiyo. Mgeni wao walimpokea kwa ngoma, wakampa pa kulala na cha kula, na siku alipokuja kuaga wakamwambia bado. Wapo waliokaa miaka minne. Yupo mmoja, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyetokea pwani yetu, aliyekaa miaka kumi hivi.

Siku hizi msafiri anayetoka Mansa kwenda Kashikishi, nchini Zambia, hupita katikati ya mji wa wafalme hao bila kuuliza lolote. Barabara inafuata Luapula kuelekea kaskazini, inapita Mwense, inapita Mwansabombwe yalipo makao ya Mwata Kazembe, halafu Nchelenge, na mara ziwa linajitokeza upande wa kushoto. Kashikishi ni soko, hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo, mchanga na mitumbwi. Kwa kuwa mji uko ukingo wa mashariki, jua huzama majini, upande wa Kongo, na mtu aliyezoea Dar es Salaam au Mombasa, ambako bahari ni ya mawio, hujikuta amesimama akiangalia kama mtoto. Hilo peke yake lingetosha kuufanya mji upendwe. Lakini katika karne mbili na zaidi ambazo wageni wa mbali wamekuwa wakifunga safari kuja huku, sijasoma habari ya hata mmoja aliyefuata machweo.

Walifuata njia. Kazembe alikuwa mkuu wa Walunda waliotoka magharibi, kwa mfalme wao mkuu, Mwata Yamvo, wakavuka Luapula na kujenga dola yao katika karne ya 18. Kutoka kwake, ukienda magharibi unafika kwenye shaba na chumvi ya Katanga. Ukienda mashariki, wafanyabiashara wa Kibisa wanakufikisha Tete kwa Wareno, au Kilwa kwa Waswahili. Anayekaa katikati ya njia ya namna hiyo ana faida moja kubwa, nayo ni kuhakikisha njia inaishia kwake.

Wareno walilijua hilo kwa gharama. Mwaka 1798 Francisco José de Lacerda e Almeida, gavana na mtaalamu wa hesabu, alitoka Tete akitaka kuvuka bara hadi Angola. Alifika karibu na mji wa Kazembe Oktoba ya mwaka huo, na homa ikamuua pale. Wenzake walibaki hadi katikati ya mwaka uliofuata wakiomba ruhusa ya kuendelea magharibi. Kazembe wa tatu, Lukwesa, hakuwapa. Angewapaje? Akishawafungulia mlango wa nyuma, nani tena angebisha mlango wa mbele?

Waliofaulu kuvuka walitokea upande mwingine, na majina yao yangestahili kujulikana zaidi: Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara weusi waliotumwa kutoka Angola mwaka 1802. Walifika kwa Kazembe 1806, wakazuiliwa miaka minne, na Februari 1811 wakaingia Tete. Hiyo ni zaidi ya miaka arobaini kabla ya David Livingstone kusifiwa dunia nzima kwa kuvuka bara. Baptista aliandika kumbukumbu za safari. Vitabu vya shule zetu vimemwacha njiani.

Livingstone naye alikuja. Aliliona Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na wiki mbili baadaye akaingia mji wa Kazembe wa saba, Mwonga Sunkutu, kando ya ziwa dogo la Mofwe. Alikuta mashamba ya mihogo yaliyotapakaa kila upande, ua wa mfalme uliozungushiwa matete, na mafuvu ya watu juu ya nguzo za lango. Alikuta pia watu waliokatwa masikio na mikono, adhabu za mfalme. Napenda mji huu katika historia, lakini sitaki kuusafisha: uzuri wa sherehe na ukatili wa hukumu viliishi ndani ya ua mmoja, na watumwa walitoka huku wakifuata njia ile ile ya pembe za ndovu.

Ndani ya mji huo ndimo alimokuwamo mzuiliwa wetu wa miaka kumi, Muhammad bin Salih. Watu wake walikuwa wameuawa katika mapigano, mali yake imekwenda, na yeye hana ruhusa ya kuondoka. Livingstone alikuwa na barua ya Sultani Majid wa Zanzibar, akamwombea, na Desemba 1867 wakatoka pamoja. Mwaka 1871, Stanley alipofika Ujiji na kumkuta Livingstone, Muhammad bin Salih alikuwa miongoni mwa waungwana wa mji waliokuwapo.

Mji wenyewe ulikuwa unahama. Mfalme akifa, mrithi wake alijenga pengine, na kwa hiyo wageni hawa wote walioandika juu ya mji wa Kazembe hawakuandika juu ya mahali pamoja. Kilichobaki mahali pake ni maji, na maji yana hadithi yake.

Kabla ya Walunda, ziwa na vidimbwi vyake vilikuwa vya wavuvi wa Kishila, chini ya Nkuba. Inasimuliwa kwamba Nkuba alimuua mtoto wa dada yake, Nachituti, na kuifanya ngozi ya kijana huyo mkeka wa kukalia. Mama alipogundua amekalia nini, alikwenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Nkuba akauawa, na Nachituti akamletea mfalme kikapu cha udongo na chungu cha maji: nchi na ziwa, chukua. Mwishoni mwa Julai, katika sherehe ya Umutomboko, Mwata hucheza kwa shoka na upanga mbele ya maelfu ya watu, akikumbuka ushindi wa Walunda. Wengi huja Mwansabombwe kwa siku hizo mbili tatu tu, kisha huteremka Kashikishi kula samaki. Kwa maoni yangu wamefuata mpangilio sahihi: kwanza anayedai nchi, halafu kile alichokidai.

Samaki ndio waliouhamishia ukingoni uzito wa eneo hili. Migodi ya Katanga ilipokua na kampuni ya Union Minière ikahitaji kulisha wafanyakazi wake, Wagiriki waliweka kambi Kasenga, ng'ambo ya Luapula, wakapeleka samaki Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mpumbu, samaki aliyepanda mto kutaga mayai, alivuliwa wakati huo huo wa kutaga hadi ilipofika mwisho wa miaka ya 1940 akawa haba. Baadaye alipungua samaki aitwaye pale, jamaa wa perege wetu. Wavuvi wakageukia chisense, kidagaa wa ukubwa wa kidole, anayevuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Huyo ndiye riziki ya leo: magunia yake huenda miji ya Copperbelt, na yapo yanayorudi Kongo. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi, na mji hupoa. Usiende miezi hiyo.

Mtu wa pwani atashangazwa na jambo jingine. Ndani ya ziwa kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna mji wa bandari unaoitwa Kilwa. Na sokoni Kashikishi, kati ya maneno ya Kibemba, utasikia Kiswahili, kile cha Katanga, kinachokatiza viambishi bila kuomba radhi. Wengine waliokileta ni wafanyabiashara. Wengine walivuka wakikimbia vita: Pweto ilipoanguka Desemba 2000, na tena tangu 2017, ambapo makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani Nchelenge mwaka 2018. Hao ni wageni ambao Mwata hakuwazuia. Wamezuiliwa na kwao.

Mwenye nafasi avuke hadi Kilwa, ile ya kisiwani. Boti zinasubiri ufukweni. Muulize mwenye boti mnaondoka saa ngapi. Atakukaribisha, mwaiseni, atakuonyesha pa kukaa, na atakujibu: ikijaa.