Kampeni za Oscar: pesa hununua nini hasa?

Kampeni ya tuzo ni kazi inayofanywa baada ya filamu kukamilika, ili wapiga kura waitazame kabla ya kura kufungwa. Kwa Oscar, wapiga kura ni wanachama wa Akademia ya Filamu ya Marekani, watu wapatao 10,000, wengi wakiishi Los Angeles. Pesa huenda kwa matangazo magazetini na mabango barabarani, maonyesho maalumu ambapo waigizaji hujibu maswali, tiketi za ndege na hoteli, na malipo ya washauri ambao hawana kazi nyingine. Kumpa mpiga kura zawadi ni marufuku.

Kinachonunuliwa, basi, ni kutazamwa. Kura yenyewe haiuzwi.

Wakenya wanaikumbuka Machi 2, 2014, Lupita Nyong'o aliposhinda kwa uigizaji wake katika 12 Years a Slave. Watu wa kando ya ziwa, kuanzia Seme hadi Homa Bay na Migori, walimshangilia kama binti yao. Kipaji chake hakina ubishi. Lakini nyuma yake ilikuwapo kampuni ya Fox Searchlight, na kwa miezi kadhaa alipita tamasha moja hadi lingine, mahojiano hadi mahojiano. Kipaji kile kilikuwa na gari na dereva.

Pesa pia zina kikomo. Mwaka 2019 Netflix iliripotiwa kutumia takriban dola milioni 25 kuipigia debe Roma, filamu ambayo kuitengeneza kuligharimu chini ya hapo. Ilipata tuzo tatu, ila ile ya filamu bora ikaenda kwa Green Book. Mwaka 2023 Andrea Riseborough aliteuliwa bila kampeni kubwa ya kulipiwa, kwa sababu waigizaji maarufu walimsifu hadharani. Akademia ilichunguza jambo hilo na kuuacha uteuzi wake usimame. Marafiki wakubwa nao ni mtaji.

Sasa tuje kwetu. Katika kundi la filamu za kimataifa kila nchi hupeleka filamu moja kwa mwaka. Kenya ilianza na Nairobi Half Life mwaka 2012. Mwaka 2019 ilipeleka Subira, kisa cha msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, na mwaka uliofuata The Letter, kuhusu bibi wa Pwani anayeshutumiwa uchawi. Hakuna filamu ya Kenya iliyowahi kuingia katika tano za mwisho za kundi hilo. Ni rahisi kusema hazikufikia kiwango. Mimi naona swali la kwanza ni wapiga kura wangapi walizitazama, maana kuteuliwa na kamati ya Nairobi hakuji na bajeti ya Los Angeles.

Angalia tofauti. Bobi Wine: The People's President, filamu kuhusu mwanasiasa wa Uganda, iliteuliwa mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa National Geographic. Watu Wote, kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa karibu na Mandera mwaka 2015, iliteuliwa mwaka 2018. Hii ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha Hamburg, na ilishinda kwanza Oscar ya wanafunzi.

Kijana wa Osiri, Migori, mwenye filamu kuhusu wachimba dhahabu wa kwao hawezi kushindana kwa mabango. Njia yake ni filamu fupi. Baadhi ya matamasha, likiwemo la Durban, humpa mshindi wa filamu fupi haki ya kufikiriwa kwa Oscar bila kusubiri kamati ya nchi.  Na kabla ya kutuma popote, atenge fungu la tafsiri ya Kiingereza chini ya picha na la tiketi ya ndege, kwa sababu ushindi wa tamasha hauzungumzi wenyewe mwenye filamu asipokuwapo.